Nisomee Meza

Jumatatu, 3 Machi

Chumba namba 14. Kitanda kipana kuliko sebule ya kwetu ya zamani, zulia nene la kijani, kabati lenye hanga saba, moja imevunjika. Nitakaa hapa wiki sita kasoro. Mizani za mji mzima zinanisubiri nizikague – sokoni, kwenye bucha, kwenye mashine za unga, zahanati. Nimekuja na kitoroli changu, mawe yangu manne ya chuma, ya kilo ishirini ishirini, na fomu.

Fomu ndiyo nzito.

Ni ya mdogo wangu, au niseme ni yangu kwa ajili yake. Ijumaa muuguzi wa figo alinipima: themanini na nne kamili. Mtoa figo hazidi sabini na nane, akasema. Nikamuuliza, na akiwa sabini na nane na nusu? Akanitazama vile ninavyowatazama wauza nyama. "Dada, anayeuliza uzito wako si mimi. Ni ile figo itakayobaki peke yake humo ndani."

Basi nipimwe zahanati ya huku huku, fomu isainiwe Ijumaa tarehe 11 Aprili. Jumatatu yake madaktari wanakaa kikao. Wasipotupitisha, kikao kingine ni Agosti. Mshipa wa mkono wa mdogo wangu, anaounganishwa nao na mashine ya kusafisha damu, umeshachoka, wametafuta mwingine mara mbili. Yeye mwenyewe anasema, "Agosti mbali, dada, utakuwa umenenepa zaidi."

Kilo sita. Siku thelathini na tisa. Hesabu naiweza. Kazi ni mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Chai ya asubuhi hapa ni meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Nimeizunguka yote mkono mtupu kabla sijashika sahani. Hiyo ni kanuni ya Baba. Alikuwa mhudumu wa mezani kwenye hoteli kama hii, akasema mgeni mwenye akili hutembea kwanza, mgeni mwenye njaa huanza na mkate.

Mikate aina nne. Vitumbua vinang'aa mafuta. Soseji. Mayai unakaangiwa ukiwa umesimama, na mpishi wake ana kofia ndefu na mkono mwepesi kupita kiasi kwenye chupa ya mafuta. Nikamwomba mawili ya kuchemsha. Akauliza naumwa nini.

"Siumwi."

"Basi nimekukosea nini, mama?"

Nimekula mayai mawili, papai, chai kavu. Nimeondoka nikiwa na njaa na heshima.

Jumanne, 4 Machi, jioni

Mdogo wangu, Mdokozi, kapiga simu. Ndilo jina lake tangu utotoni – hakuna sufuria iliyofika mkekani kwetu ikiwa nzima. Sasa hivi yeye wa kudokoa anapimiwa maji kwa kikombe. Ndizi hapana, maharage hapana, chumvi aisikie kwa jirani.

"Uko wapi?"

"Chakula cha jioni."

"Mezani hasa?"

"Mezani hasa."

Halafu: "Nisomee."

Miaka arobaini sijasikia neno hilo. Baba alikuwa akirudi jioni anakaa kwenye kigoda, anafungua kamba za viatu, sisi tunakula maharage yetu, naye anatusomea meza ya siku hiyo. Kushoto samaki wa kuoka, wawili, mmoja kashaguswa mkiani. Katikati wali wa zabibu kavu. Kuku, vipande kumi na viwili, mama mmoja mnene kachukua vitatu. Hakuharakisha. Tulifumba macho tukala, na kila tonge la maharage lilikuwa na jina lake. Mimi nilipenda samaki. Mdokozi alikuwa anafika kwenye keki kabla ya wengine, anaambiwa arudi nyuma.

Nimenyanyuka na simu sikioni, nikamsomea yote, kushoto kwenda kulia. Wahudumu wakanitazama. Kwenye ndizi za kuiva akaniambia nirudie.

Ajabu ni kwamba nilipomaliza kusoma sikuwa na hamu tena. Nikachukua kabeji na kipande cha samaki.

Jumapili, 9 Machi

Mama wa mapokezi kaniazima mizani ya bafuni, ile ya kioo inayowaka namba. Bafu langu halikauki, kwa hiyo nimeiweka kando ya kitanda. Themanini na moja na nukta sita! Kilo mbili na nusu kasoro kidogo kwa siku sita. Sijui kwa nini watu wanalalamika kupungua ni kugumu.

Mpishi wa mayai sasa ananiita Mama Mizani. Leo kaniuliza kama naweza kukagua na mikono yake. Nikamwambia mkono wake unazidi kwa vijiko viwili vya mafuta kwa kila yai, na kwa sheria ningemfungia. Kacheka hadi kofia ikalala upande.

Alhamisi, 13 Machi

Mwenye bucha leo kanifungia nyama ya paja, "zawadi tu, mama, si kwa sababu ya mizani." Mizani yake imepita, hana haja ya zawadi. Nimekataa. Nikatoka na harufu yake puani hadi hotelini.

Nagundua mwili una ujanja wake. Saa nne asubuhi unanikumbusha vitu ambavyo sijavila tangu mwaka nilioanza kazi. Ukoko wa wali. Mama alikuwa anaukwangua na kuugawa kwa macho tu, vipande viwili, na tulikuwa tunavipeleka kwa mwenye duka kuvipima, kwa ubishi. Hakuna siku alikosea. Nadhani kazi yangu ilianzia kwenye ukoko.

Nimenunua maboga madogo sokoni na nayachemsha kwa birika la umeme chumbani. Mayai pia. Dada wa usafi kaona maganda, kauliza kwa upole kama nafuga kuku.

Jumapili, 16 Machi

Themanini na nukta moja.

Mdokozi anauliza nimepanga kumpa ya kulia au ya kushoto. Nikasema nitampa iliyo korofi. Kasema basi zote mbili zinafaa.

Jumapili, 23 Machi

Sabini na nane na nukta nane. Sketi ya kahawia bado inabana kiunoni vilevile. Nimelaumu fundi cherehani.

Ijumaa, 28 Machi

Sabini na saba na nukta tisa. Nimeshafika! Wiki mbili kabla!

Nimempigia Mdokozi kwanza. Nikasikia mashine yao inalia pi, pi, kwa nyuma, halafu akasema, "Dada, leo nisomee keki. Halafu uile. Kipande kimoja, na utafune kwa sauti."

Nikaila, keki ya karoti, simu iko kando ya mdomo. Mpishi kaja mwenyewe kushuhudia. Kama ni dhambi basi tulikuwa watatu.

Kabla ya kukata simu Mdokozi kasema amemwambia mkewe aanze kuanika vitanda vya wageni juani. Anapanga hadi nani atakuja kumwona hospitali na nani azuiliwe mlangoni.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika hili polepole.

Leo nilikuwa kwenye mashine ya unga nyuma ya stendi. Mizani kubwa ya chini, ile ya kupandisha magunia. Nimeweka mawe yangu manne, ikasoma sabini na saba. Nikainama kutazama. Mwenye mashine kaiweka juu ya gunia tupu lililokunjwa mara nne, eti isikwaruze sakafu.

Nikaanza hotuba yangu ya kila siku. Mizani hukaa kwenye sakafu ngumu, bwana. Ikikaa kwenye kitu laini inazama, miguu yake haikazi, inakudanganya wewe na mteja wako. Kanuni ya kwanza kabisa. Miaka ishirini na mbili naisema, hata usingizini naisema.

Katikati ya sentensi nikanyamaza.

Zulia. Zulia nene la kijani la chumba namba 14.

Mwenye mashine akadhani nimepatwa na kizunguzungu. Nikamwambia atoe gunia. Mawe yakasoma themanini kamili, safi. Nikayashusha, nikavua viatu, nikapanda mimi, palepale panapokaa mahindi.

Sabini na tisa na nukta tisa.

"Mama," kasema mwenye mashine, "kwa uzito huo sikuuzi rejareja."

Nimempa alama ya kijani. Anastahili. Mimi ndiye wa kufungiwa.

Nimerudi, nimeweka mizani ya mapokezi kwenye vigae vya korido. Imesema kama ile ya mashine ya unga, haina kosa lolote maskini. Kilo mbili zote zilikuwa za zulia. Mtu anayekagua mizani za watu, hajakagua ya kitandani kwake kwa sababu ilikuwa inamwambia anachopenda.

Nimemwambia Mdokozi. Kacheka sana, hadi nikadhani ameelewa vibaya. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Zimebaki siku ngapi?"

Kumi.

Vitanda viko nje juani.

Ijumaa, 4 Aprili

Sabini na tisa na nusu. Natembea kwa miguu kazini, navuta kitoroli changu chenye kilo themanini. Yaani najivuta mwenyewe. Watu wananiuliza nauza nini.

Mpishi nimemweleza yote, sikuwa na jinsi. Hajatania. Jioni kanitengea sahani pembeni, kaifunika kwa sahani nyingine: samaki wa kuchoma, mchicha usio na tone la mafuta, nusu ya limau. Kaandika juu ya karatasi, "Ya Afisa." Chumvi kasahau au kakusudia. Nimekula yote. Baba alikuwa anasema mpishi akikufunikia chakula umeshakuwa wa nyumbani.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi, vigae vya korido: sabini na tisa na nukta moja.

Zahanati ilikuwa kwenye orodha yangu ya leo. Nilijua tangu Machi kwamba nitaikagua kabla haijanikagua. Nilikuwa naliona kama jambo la kuchekesha.

Muuguzi pale ni mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, ana foleni ya kina mama mpaka nje. Chumba cha kupimia ni kidogo, kitanda cha mgonjwa, sinki, mizani ya watu wazima kando ya ukuta. Sakafu ngumu, nimeangalia mara tatu. Nikapandisha mawe. Moja, ishirini kasoro nukta nne. Yote manne – sabini na nane na nusu.

Nikayashusha, nikayapandisha tena. Sabini na nane na nusu.

Inapunja kilo moja na nusu. Kwa hiyo mimi nikipanda leo, inasema sabini na saba na nukta sita. Nimepita. Fomu inasainiwa. Kikao Jumatatu.

Kwa kawaida hapo mkono wangu unaenda wenyewe kwenye alama nyekundu. Alama nyekundu maana yake haitumiki hadi fundi wa kiwandani aje, na fundi huja baada ya wiki, akijisikia. Muuguzi akauliza, "Vipi, dada, imepita?" Nikamwambia nitarudi Ijumaa kumalizia. Akasema heri, maana hiyo ndiyo anayopimia watu wa sindano za usingizi na dawa za kifua kikuu, kila mtu kwa uzito wake, na nyingine hana.

Nikatoka. Sikubandika chochote. Miaka ishirini na mbili, mara ya kwanza.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikushuka kula. Maboga ya birika, nusu yai.

Nimekaa nikijitetea kama mwenye bucha. Kilo moja na nusu ni nini? Ni chupa ya maji na viatu. Figo haisomi namba. Halafu naikumbuka sauti ya muuguzi wa kwanza, ile figo itakayobaki. Halafu namkumbuka Mdokozi na mshipa wake. Halafu wale wa sindano za usingizi. Nazunguka meza mkono mtupu, na hii meza haina mwisho.

Mdokozi kapiga saa kumi na mbili jioni. "Nisomee."

Nilikuwa nimelala kitandani nikitazama dari. Sikuwa na nguvu ya kushuka. Nikaanza tu. Kushoto samaki. Katikati wali wa zabibu kavu. Kuku vipande kumi na viwili –

"Dada."

"Ee."

"Sisikii vijiko."

Nikainuka nikakaa kitandani.

"Uko chumbani. Leo umesoma kama Baba."

Nikamuuliza kama Baba vipi. Akashangaa. "Kwani hukuwahi kujua?"

Akanieleza. Alipokuwa na miaka kumi, Mama alimtuma hotelini kumpelekea Baba mwavuli. Akaingia ukumbi wa kulia, Baba hayupo. Wakamwelekeza nyuma, chini, chumba cha kufulia. Baba alikuwa anakunja mashuka. Alishatolewa mezani miaka miwili nyuma, mikono ilianza kutetemeka, sahani zikawa zinamponyoka. Kila jioni akitoka alikuwa anasimama kwenye dirisha la jikoni, anamuuliza mpishi kilichokuwepo. Mpishi akiwa na haraka, Baba anajaza mwenyewe. Baba akamwambia, usimwambie dada yako, yeye anapenda samaki.

Miaka miwili. Na mingine mitatu baada ya hapo, hadi alipostaafu. Samaki wangu wote wale.

Sikulia. Nilimuuliza jambo moja tu: siku ile uliporudi, jioni aliposoma, ulifanyaje?

"Nilikula," akasema. "Ningefanyaje? Alikuwa anatupenda. Ila maharage yakarudi kuwa maharage."

Mashine ikalia kwa nyuma. Nilikuwa na neno la mizani ya zahanati mdomoni tayari. Sikulisema. Nadhani alilisikia, maana kwa kawaida yeye ndiye wa kukata simu, na leo alingoja mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa moja asubuhi, vigae vya korido, bila kunywa hata maji: sabini na nane na nukta nne.

Mpishi alikuwa mlangoni mwa ukumbi, hakuuliza. Alinionyesha yai moja la kuchemsha kwenye kitambaa, akalirudisha mfukoni mwa koti lake. "La baadaye," akasema.

Saa mbili na robo. Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, daftari gotini. Mbele yangu watu sita. Nimevua saa, mkanda, hereni. Hereni! Gramu tatu. Baba angecheka.

Fomu nimeisoma tena, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza naisoma kama mkaguzi. Kuna mstari mdogo chini: apimwe kwa mizani iliyokaguliwa. Haisemi iwe ya wapi. Mizani yenye alama yangu ya kijani inayoweza kubeba mtu mzima katika mji huu ni moja, na iko nyuma ya stendi, panapokaa mahindi. Dakika kumi kwa gari. Kule nitakuwa sabini na nane na nukta nne, hakuna wa kunipunguzia. Na sijui kama muuguzi mwenye foleni mpaka nje anaweza kukubali kwenda kumpima mtu kwenye mashine ya unga. Na sijui nukta nne wataifanyaje Jumatatu.

Hapa ndani ni hatua tano, na nimepita.

Simu imetetemeka. Ujumbe wa Mdokozi, bila salamu:

"Ukipanda nisomee. Usinisomee ukiwa chumbani."

Watu wanne. Wawili. Mzee mwenye fimbo anatoka akifunga vifungo vya shati, anamwambia mkewe kwa furaha kwamba amepungua.

Nimeitwa.

Muuguzi kashika mlango kwa mguu, kanitazama nikinyanyuka. "Kitoroli kiache hapo nje, dada," anasema. "Hatukupimi na vyuma."

Nimemwambia vyuma vinaanza kupanda, mimi nitafuata kwenye mizani isiyopunja. Anakunja uso, anatazama foleni, anatazama alama nyekundu niliyoshika mkononi; kalamu yangu bado iko kwenye daftari, na gurudumu moja la kitoroli limekwama kwenye kizingiti.